Sanad ya Kijitabu Hiki Iko Wapi?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Mwanafunzi wetu mmoja hapa Mwanza alituletea kijitabu kinachouzwa milangoni mwa misikiti baada ya swala ya Ijumaa, kinachodai kufafanua hukumu za biashara ya dagaa. Hakina jina la mwandishi. Aliyekichapisha, tulipomuuliza, alikiri bila haya kwamba maandishi yote yametungwa na akili mnemba kwa usiku mmoja.

Kiswahili chake ni kizuri, kizuri kuliko cha baadhi yetu masheikh. Balaa iko ndani. Hadithi moja imenasibishwa kwa Imam Bukhari, na namba ikatiwa. Tulipoifungua namba ile tulikuta hadithi ya udhu, na matamshi yaliyonukuliwa hatukuyapata popote katika vile vitabu sita. Mashine hii hupanga neno baada ya neno kwa kukisia linalofuata kwa kawaida. Haikupokea kwa mtu, wala haijui kuwa imesema uongo. Mwaka 2023, huko New York, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na chombo cha aina hii.

Kosa zito zaidi liko katika mlango wa salam. Kila anayeijua Mwaloni Kirumba anaijua desturi: mchuuzi humpa mwenye mtumbwi fedha kabla ya giza la mwezi, apate dagaa baadaye. Kijitabu kinasema inajuzu kutoa nusu ya bei, na nusu ibaki hadi mzigo ufike, kisha kauli hiyo akabebeshwa Imam Nawawi. Subhanallah! Katika Minhaj, Nawawi ameshurutisha rasilimali ikabidhiwe katika kikao kile kile cha mkataba. Wamaliki ndio waliolegeza, nao kwa siku tatu tu au karibu na hapo. Nusu ikichelewa hadi mzigo ufike, hiyo ni deni kwa deni.

Tena kinaruhusu kununua kwa salam dagaa wa mtumbwi uliotajwa kwa jina. Mashafii wameikataa salam katika matunda ya kijiji kidogo kwa kuchelea yasipatikane. Itakuwaje mtumbwi mmoja katika Ziwa Victoria, unaoweza kurudi mtupu au usirudi kabisa? Salam hufungwa katika dhima, kwa sifa na kipimo na muda unaojulikana, si katika wavu wa fulani.

Sasa, mchuuzi akifuata maneno haya akapoteza mtaji, nani atadhamini? Mchapishaji alitujibu kuwa "mashine ndiyo iliyosema". Mashine haina ahliya. Haiwi wakili wala mufti, ni ala kama kalamu. Kampuni ya ndege ya Air Canada ilijaribu hoja inayofanana na hiyo baada ya mashine yake ya kujibu wateja kumpotosha abiria kuhusu nauli ya msiba, na Februari 2024 baraza la madai la British Columbia likaikataa. Nasi tunayo hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, inayombebesha dhamana mwenye kutibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu. Mwenye kuuza fatwa asizozijua hayuko mbali naye.

Ukurasa wa mwisho umeandikwa "haki zote zimehifadhiwa". Haki za nani? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilithibitisha kuwa haki ya utunzi ni mali inayolindwa kisharia, lakini ni ya mtunzi, naye hapa hakutunga. Huko Marekani mahakama ya rufaa ya Washington iliamua Machi 2025 kwamba hakimiliki yahitaji mtunzi binadamu. Mwaka huo huo kampuni ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kwa waandishi ambao vitabu vyao vilichukuliwa kutoka hazina za wizi mtandaoni.

Hatuharamishi chombo. Sisi wenyewe hutafutia hadithi katika kompyuta, kisha tukarejea kitabuni. Tulimtaka mchapishaji akiondoe sokoni na awarudishie wanunuzi fedha zao. Yeye akatuomba tukipitie, tuweke jina letu juu yake, tugawane faida. Tulikataa. Ijumaa iliyopita bado kilikuwa kinauzwa.

Wallahu aalam.