Mkinzano wa Sauti katika Kinanda cha Kanisa: Neno kama Kipimo cha Uhakiki Mpakani Busia na Tororo

1. Utangulizi

Mji wa Busia umegawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, na Tororo iko upande wa Uganda, karibu na Malaba. Waiteso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Wajopadhola wamejikita Tororo. Ateso, Lusamia na Dhopadhola ni lugha za toni ambazo wasemaji wake hawaelewani bila kujifunza. Pale ibada inapowakutanisha, Kiswahili ni mojawapo ya madaraja yaliyopo. Kwa hiyo kinanda kinachofunika maneno ya wimbo wa Kiswahili hukata daraja hilo. Makala haya yanahakiki upigaji wa kinanda unaotumia sauti zinazokinzana, na yanadai kuwa kipimo chake cha haki ni neno linaloimbwa.

2. Hoja ya asili

Lawama ya kawaida dhidi ya mtindo huu ni kwamba umetoka kwenye kumbi za starehe. Kihistoria, lawama hiyo ina msingi. Thomas A. Dorsey, aliyeongoza kwaya ya injili katika kanisa la Pilgrim Baptist mjini Chicago kuanzia miaka ya 1930, alikuwa mpiga piano wa muziki wa bluzi, na makanisa kadhaa yalimkataa mwanzoni. Kinanda cha Hammond, kilichoingia sokoni mwaka 1935, kilieneza mtindo huo katika makanisa ya Wamarekani Weusi. Hata hivyo, asili ya sauti haiamui kazi yake. Kinanda chenyewe ni mgeni Afrika Mashariki, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, uliruhusu ala nyingine pia mradi zifae kwa ibada. Tena, masikio ya ukanda huu hayakuanza kusikia ukwaruzo wa sauti kwenye kinanda. Nyatiti ya Waluo jirani huundwa ili nyuzi zake zivume kwa mkwaruzo, na mkwaruzo huo huhesabiwa kuwa uzuri.

3. Mkazo wa neno na utuo wa sauti

Walimu wa kwaya wa eneo hili wanafahamu mfumo wa do, re, mi. Sauti za do, mi na so zikipigwa pamoja, zinapatana. Fa ikichukua nafasi ya mi, inasuguana na so, na sikio hungoja ishuke irudi kwenye mi. Vivyo hivyo, katika so, ti, re na fa, ti huvutwa kupanda hadi do, na fa huvutwa kushuka hadi mi. Mkinzano, basi, ni ahadi. Utuo ni kuitimiza.

Kiswahili kina umbo linaloipokea ahadi hiyo vizuri. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho hulegea. Katika neno "huruma", mpigaji anayeweka do, fa na so kwenye "ru", kisha akaishusha fa hadi mi kwenye "ma", anatamka neno hilo kwa vidole. Akigeuza mpangilio, mvutano ukaangukia "ma", msikilizaji husikia mkazo mahali pasipo pake. Akiongeza kodi mpya kwa kila silabi, hakuna silabi inayobaki na uzito wake, na ombi la huruma hugeuka onyesho la wepesi wa mikono. Udhaifu mkuu wa mtindo unaohakikiwa uko hapo. Mkinzano umekuwa pambo la kudumu, na kisichotua hakiwezi kuvuta.

Kipimo hiki hakihamishiki kikiwa kizima. Katika Ateso, Lusamia au Dhopadhola, kupanda na kushuka kwa sauti kunashiriki katika kubeba maana. Huko mpigaji hana budi kuilinda kwanza njia ya kiimbo cha neno, ndipo afikirie kodi ya kuiweka chini yake. Kutafsiri wimbo huku kodi zikiachwa zilivyokuwa ni kazi iliyofanywa nusu.

4. Istilahi na sera

Mgogoro huu unakuzwa na upungufu wa maneno. Wanamuziki husema "kodi", neno ambalo kwa mwumini wa kawaida ni malipo ya serikali au ya nyumba. Mpigaji aliyekosea na aliyekusudia mvutano huhukumiwa kwa tamko moja: "sauti zimegongana". Hukumu isiyotenganisha kosa na kusudi haimfundishi kijana anayejifunza kinanda, humnyamazisha tu. Inapendekezwa "mkinzano" litumike kwa mvutano uliokusudiwa, "utuo" kwa kufunguka kwake, na "kosa" libaki kwa kosa.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Mipango ya istilahi huanza na sheria, afya na biashara, na hilo linaeleweka. Lakini kwaya ni darasa la Kiswahili ambalo watu huhudhuria kwa hiari, kila juma, hadi uzeeni. Washauri wa sera watakaoiacha nje ya mipango hiyo watakuwa wameacha darasa ambalo tayari lina wanafunzi.