Nuru, Kamera na Mabega: Uhakiki wa Fani katika Video ya Muziki

Fasihi simulizi imekwisha kupata nafasi yake katika idara zetu za lugha, na hapana mtaalamu leo anayedai kuwa ngoma ni maneno yake tu. Hata hivyo, ngoma hiyo hiyo ikishaingizwa katika video, wahakiki wetu hurudi kwenye maneno. Hutaja dhamira ya wimbo, kisha husema kwamba picha ni nzuri au ni hafifu, wakaishia hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nuru na mwendo wa kamera ni sehemu ya fani, na kwamba vinaweza kuijenga au kuibomoa maana. Tutatumia mifano miwili: video ya "Ha-He" ya kikundi cha Just A Band cha Nairobi, na upigaji wa video za kamabeka katika nyanda za Kitale na Bungoma, hadi Endebess chini ya Mlima Elgon.

Yafaa kwanza tutofautishe aina tatu za mwendo. Kamera yaweza kugeuka ikiwa imesimama mahali pake, kama mtu ageuzavyo shingo. Yaweza kusafiri, yaani kubebwa kumfuata mchezaji. Tena yaweza kutosogea kabisa, bali lenzi ikaivuta picha karibu. Mambo haya si mamoja. Kamera inaposafiri, vitu vya mbele hupita upesi kuliko vya nyuma, na mtazamaji huhisi kwamba anaingia mahali. Lenzi inapovuta, vyote hukua pamoja, na mtazamaji huhisi kwamba ameonyeshwa kitu kwa kidole.

"Ha-He" ni wimbo wa albamu ya "82" iliyotoka mwaka 2009. Video yake ilitolewa mwaka 2010. Shujaa wake ni Makmende, jina la mitaani ambalo kwa kawaida huhusishwa na maneno ya Clint Eastwood katika filamu ya "Sudden Impact" ya mwaka 1983. Video hii inaiga kwa makusudi filamu za Marekani za miaka ya 1970 zilizokuwa na mashujaa weusi. Filamu zile zilipenda kuvuta lenzi kwa ghafla, njia iliyokuwa rahisi na ya gharama ndogo. Kwa hiyo mtindo huo unapoigwa Nairobi huwa ni dokezo: mtazamaji anakumbushwa ushujaa wa sinema na papo hapo anaalikwa kuucheka. Hapa ufundi na maudhui havitengani.

Sasa tuitazame kamabeka, ngoma ya Wabukusu. Jina lenyewe lina maana ya mabega, na mwanaisimu hatakosa kuona udugu wa "kamabeka" na "mabega" ya Kiswahili. Mabega ndiyo yanayojibizana na nyuzi za litungu. Lakini mpiga picha aliyezoea video za mijini aghalabu huivuta lenzi hadi usoni wakati ule ule ngoma inapopamba moto. Mabega hutoka nje ya picha. Au huikata picha kila baada ya sekunde mbili, na yale majibizano hupotea. Mwendo huo haudokezi lolote. Umeazimwa tu, na uharibifu wake ni kama wa mtu anayeghani shairi huku akiruka vina.

Nuru nayo ina hoja yake. Endebess iko takriban digrii moja kaskazini ya Ikweta. Jua la adhuhuri hukaribia utosi, macho ya mchezaji hufichwa na kivuli cha nyusi, na mbingu iliyo nyuma yake huwa nyeupe. Kamera inayojipimia nuru huuona weupe huo, hupunguza mwanga, na uso mweusi hugeuka kivuli. Tukumbuke pia kwamba vipimo vya picha za rangi havikuanza kwa kutufikiria sisi: kadi za Kodak za kupimia rangi kwa miaka mingi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe. Dawa ipo. Nuru ipimwe usoni mwa mchezaji, wala si mbinguni. Na ngoma ipigwe picha jua likiwa ubavuni, ili kila msuli wa bega uchorwe na kivuli chake. Endebess, mlima uko magharibi, basi mpiga picha wa jioni asichelewe.

Huenda mtu akasema kwamba kasoro hizi zinatokana na uhaba wa vifaa. Hoja hii haitoshi. Kuiacha kamera itulie hakugharimu chochote, na kungoja jua lishuke ni bure. Lililopungua ni uamuzi: nani atembee, kamera au mwili? Kwa mjukuu aliyekulia mjini, huenda video ikawa ndiyo kamabeka pekee atakayoiona. Akionyeshwa nyuso bila mabega, atakuwa amerithi jina bila ngoma.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanafunzi wetu waitazame kila video mara ya kwanza bila sauti, waandike kamera inasogea wapi na kwa sababu gani, ndipo wayaendee maneno. Na wale wanaokusanya ngoma wapige angalau picha moja nzima, kutoka mahali pamoja, tangu litungu linapoanza hadi linaponyamaza.