Kumwazima Mwongo Kinywa

Wimbo wa kulaumu viongozi si mgumu kuuandika. Unataja shida, unamtaja aliyezileta, biti linakubeba. Mwaka 2001 rapa wa Tanzania Joseph Haule, tunayemwita Professor Jay, alishika njia ngumu zaidi: alimwazima mwongo kinywa chake. Katika "Ndio Mzee", uliotengenezwa na P-Funk Majani wa Bongo Records na kuwekwa katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu, msanii halalamiki hata kidogo. Anayesema ni mgombea. Yuko jukwaani, anaahidi, na umati unamwitikia kwa maneno yale mawili ya jina la wimbo.

Ahadi zenyewe zimepita akili. Mabomba yatatoa maziwa. Wanafunzi wa sayansi watapelekwa mwezini kufanya majaribio yao. Lakini mgombea hacheki, na hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi. Angemfanya mhusika wake achekecheke, tungejua mara moja kwamba ni mzaha na tungebaki salama. Yeye amempa utulivu wa mtu aliyezoea kuaminiwa. Upuuzi unapanda, sauti inabaki palepale.

Kisha kuna kiitikio, ambacho kwangu ndicho roho ya kazi yote. Sisi sote tumelelewa kwa kuitikia: darasani mwalimu akiuliza kama tumeelewa, kanisani, kwenye mikutano ya hadhara. Tunaitikia kabla ya kufikiri. Ukiusikia wimbo huu mara mbili tu, ya tatu unaitikia pamoja na umati, na tayari umempa mgombea kura yako. Hakuna mstari unaokushutumu. Umejikuta tu ndani ya kundi la waliokubali.

Rapa mwenzake, Mr. II, alikuwa ametangulia na "Hali Halisi", akiyasema maisha magumu waziwazi, na Haule mwenyewe alikuwa amekwisha kuonyesha kipaji cha usimulizi akiwa na kundi la Hard Blasters katika albamu ya Funga Kazi. Ila wakati ule wazazi wengi Tanzania waliiona rap kuwa uhuni. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulikuwa bado masikioni, na hapa akatokea kijana anayeighani hotuba ambayo mzee yeyote alikuwa ameisikia kwa masikio yake. Wazee wakasikiliza.

Hapa kwetu Kashuga, mashariki mwa Kongo, Masisi inapopakana na Walikale, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Wahunde, Wanyanga na Wahutu sokoni, kwa hiyo wimbo wa Dar es Salaam unaeleweka bila mkalimani. Chetu kina Kifaransa ndani na vitenzi tunavikata tupendavyo, lakini mgombea yule tunamfahamu. Tofauti ni moja, nayo inauma. Kongo ilipopiga kura Desemba 2023, Masisi haikupiga, kwa sababu ya vita. Umati wa wimbo ule angalau uliulizwa.

Wanamuziki wenyewe baadaye walipanda jukwaa la kweli. Sugu, ndiye yule Mr. II, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Haule akachaguliwa Mikumi mwaka 2015, kwa tiketi ya CHADEMA, akakaa bungeni hadi 2020. Wapo wanaoona ubunge kuwa ndio kilele cha safari hiyo. Mimi naona kilele ni wimbo. Muhula wa mbunge una mwisho wake, lakini mgombea wa "Ndio Mzee" anarudi kila kampeni, na kila kizazi kinamkuta mzima.

Goma kuna vijana wengi wanaorap kwa Kiswahili, na kituo cha sanaa cha Yole!Africa kimewapa wengi wao mahali pa kujifunza. Nyimbo zao za kuomba amani nazipenda, na tunazihitaji. Lakini natamani mmoja wao achukue ufundi huu aulete kwenye barabara zetu. Amwache mwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, aseme mwenyewe, taratibu, kwa adabu, kwa nini mama aliyebeba maharagwe lazima alipe kabla ya kupita. Aeleze usalama anaomlindia, na shule atakayojenga kwa pesa ile. Na foleni nzima, yenye mizigo kichwani, imwitikie.