Istilahi za Sataranji: Uhakiki wa Orodha Moja kutoka Mbulu na Hanang

Orodha ninayokusudia kuihakiki hapa haikutoka kwa mchapishaji wala katika taasisi yoyote. Ni kurasa nne zilizopigwa chapa na walimu kadhaa wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambao hucheza sataranji kwa simu zao katika mashindano ya mtandaoni, na baada ya mashindano hayo hukutana, wao kwa wao na pamoja na wanafunzi wao, kuipitia michezo hatua kwa hatua ili kujua wapi walikosea. Wameona kwamba mazungumzo yao hujaa Kiingereza kila yanapofikia jambo lenyewe, na hivyo wamejaribu kuunda maneno yapatayo sitini. Wanataka kuyagawa kwa wanafunzi, nao wameomba kwanza maoni yetu.

Wapo watakaouliza kama mchezo unastahili kushughulikiwa na mtaalamu wa istilahi wakati sheria na tiba bado zina mapengo. Jibu langu ni kwamba tumtazame mtoto wa Dongobesh au wa Basotu. Nyumbani husema Kiiraqw, lugha ya Kikushi, au Kidatooga, lugha ya Kiniloti. Kiswahili alikipata kwa kiasi kikubwa katika shule ya msingi. Kiingereza anakutana nacho kama lugha ya masomo afikapo sekondari. Mtoto huyu akishindwa mchezo na maneno ya kueleza sababu yakawa katika lugha ya tatu tu, ataambiwa kwamba ameshindwa, lakini hataambiwa kwa nini. Yule mwenzake mwenye Kiingereza ndiye atakayejifunza. Hilo si jambo la mchezo.

Kuhusu jina lenyewe sitakawia. Orodha inatumia “chesi”, nalo ndilo neno litumiwalo na vijana. Kamusi zetu zina “sataranji”, lililotujia kupitia Kiarabu na Kiajemi, na ambalo asili yake ni India. Mimi napendelea sataranji katika maandishi, lakini sitaki tuanzishe vita vingine kama vile vya tarakilishi na ngamizi, ambavyo vilipokuwa vikiendelea wananchi walikuwa wameshanunua kompyuta.

Palipo na kasoro ya kwanza iliyo kubwa ni katika majina ya kete. Orodha inatoa: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi, kete. Waandishi wametazama Kiingereza na kufasiri neno kwa neno, bila kujiuliza lugha nyingine zilifanya nini. Kete wanayoiita askofu, Waarabu waliiita ndovu. Warusi mpaka leo wanaiita ndovu. Wafaransa wameifanya mcheshi wa mfalme, na Wajerumani mkimbiaji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejiona amefungwa na Waingereza. Aidha, katika nchi ambayo Mbulu yenyewe ni makao ya jimbo la Kanisa Katoliki, mwalimu anayesema mbele ya darasa “sasa mle askofu” ajiandae kusubiri kicheko kitulie.

Lakini kicheko si hoja ya istilahi. Hoja iko katika herufi. Atakaye kuupitia mchezo wake hana budi kuuandika, na mchezo huandikwa kwa herufi ya kwanza ya jina la kete pamoja na mraba inapokwenda. Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu, lililoundwa Paris mwaka 1924, linaruhusu kila mchezaji kutumia herufi za majina ya nchi yake. Sasa tazama orodha: mfalme ni M, na malkia ni M. Mwanafunzi akiandika kwamba M amekwenda mraba wa e2, ni nani aliyekwenda? Walimu hawa hawakuliona jambo hili kwa sababu simu huwaandikia michezo kwa vijipicha, wala haiwadai herufi. Siku watakapocheza kwa ubao na kalamu ndipo watakapokwama.

Njia ya kutokea imo katika historia ya kete yenyewe. Kwa Waajemi na Waarabu kete iliyosimama kando ya mfalme haikuwa mke wake bali mshauri wake, naye alikuwa mnyonge, akienda mraba mmoja tu kwa mshazari. Nguvu zake za leo alizipata Ulaya mwishoni mwa karne ya 15, akiwa tayari amegeuzwa malkia. Kwa hiyo napendekeza “waziri”, neno ambalo kila raia analijua, na ambalo linatupa herufi W. Faida nyingine inaonekana askari anapofika mraba wa mwisho. Askari kugeuka malkia kunahitaji maelezo. Askari kupandishwa cheo na kuwa waziri, katika bara letu, hakuhitaji.

Nimesema askari, kwa kuwa orodha inatumia “kete” kwa maana mbili: kila kipande kilichoko ubaoni, na pia kile kidogo cha mbele. Hili halikubaliki. “Nimepoteza kete mbili” inaweza kuwa hasara ndogo au maangamizi. Wachezaji wetu wa bao na wa drafti, hata wale wanaotumia vizibo vya soda, wanajua kuwa kete ni jina la jumla; na libaki hivyo. Kile kidogo kiitwe askari, nacho katika uandishi hakihitaji herufi, kwa hiyo hakigombani na yeyote. Kwa ajili ya ndovu napendekeza “tembo”, kwa kuwa N imekwisha kuchukuliwa na ngome. Najua kwamba huko pwani tembo ni pombe ya mnazi; lakini ndovu naye siku hizi amebandikwa kwenye chupa ya bia, basi hatuna pa kukimbilia. Tunapata M, W, N, T na F, herufi tano zisizogongana.

Naja kwenye kasoro inayoweza kumdhuru mwanafunzi zaidi ya zote. Orodha inasema mfalme “amekwama” pale anaposhambuliwa na hana pa kuponea, na tena inasema mchezo “umekwama” pale mchezaji asiyeshambuliwa hana hatua yoyote halali. Kwa Kiswahili cha kawaida fasiri zote mbili ni sawa. Kwa sataranji, hali ya kwanza ni ushindi na ya pili ni sare. Tofauti yake ni nusu alama, na katika mashindano nusu alama huamua nani apande na nani arudi nyumbani. Tena wanafunzi hawa hawaji mikono mitupu. Wanatoka katika drafti, ambamo asiyekuwa na pa kwenda ameshindwa. Na aliyelizoea bao la Kiswahili anajua kwamba safu ya mbele ikiisha kete, mchezo umekwisha, wenyewe husema “hamna”. Mazoea hayo yote yanamfundisha kwamba kumnyima mwenzako hatua ni kumshinda. Neno linalochanganya hali mbili linayathibitisha mazoea hayo, na kijana mwenye waziri na ngome dhidi ya mfalme mtupu atamzingira hasimu wake kwa furaha, akidhani ameshinda, kumbe amegawana naye.

Napendekeza “kufungwa” kwa hali ya kwanza. Neno hili katika mpira wa miguu limekwisha kubeba maana ya kushindwa, na maana yake ya asili, kutiwa kamba au kifungoni, inaeleza hasa yaliyompata mfalme. “Mkwamo” ubaki kwa hali ya pili peke yake, na kila unapotajwa katika kitabu cha mwanafunzi ufuatwe na neno sare. Sikubaliani na wale wanaotaka kusema “mfalme amekufa” kwa kudhani kwamba ndiyo maana ya usemi wa zamani wa Kiajemi. Waarabu ndio waliosikia humo neno lao la kifo. Katika Kiajemi neno lile ni la kushindwa na kukosa la kufanya. Na kwa kweli mfalme wa sataranji haliwi kamwe. Kuhusu kumtahadharisha mfalme, tunalo tayari neno “shaha”, lenye asili hiyo hiyo ya Kiajemi, tunalowapa mafundi wakuu wa ushairi. Wajerumani na Warusi hutamka lao kutoka mzizi huo huo. Mchezaji na aseme “shaha!”, nasi tuachane na “cheki”, ambalo mtaani ni kumwambia mtu atazame.

Sehemu ya mwisho ya orodha, inayohusu kupitia mchezo, ndiyo waliyoihitaji zaidi, nayo ndiyo waliyoifanyia haraka. Programu za simu hugawa hatua mbaya katika ngazi tatu, na orodha inazitaja “kosa”, “kosa kubwa” na “kosa kubwa sana”. Kuongeza “sana” si kuunda istilahi. Ngazi hizi hazitofautiani kwa ukubwa tu. Katika ya kwanza palikuwapo hatua bora zaidi, lakini mchezo haukubadilika, napendekeza “mtelezo”. Katika ya pili faida imepotea au amepewa mwenzako. Hilo ndilo “kosa”. Katika ya tatu hatua moja imeupindua mchezo mzima, na kwa hilo vijana wanalo neno lao, “boko”. Najua baadhi ya wenzangu watasema ni neno la mtaani. Daladala nalo lilianzia mtaani, na leo limo katika kamusi.

Vilevile programu hutoa hesabu, tuseme 2.5, nao wameiita “alama”. Alama katika mashindano ni moja, nusu au sifuri. Hesabu ya programu ni kitu kingine: hupima faida kwa thamani ya askari, yaani mwenye 2.5 ni kana kwamba amemzidi mwenzake askari wawili na nusu. Iitwe “uzito”, isije ikajumlishwa na mtu katika jedwali la matokeo.

Hata hivyo ngazi zote tatu, na uzito wake, hazisemi sababu. Zinasema umepoteza kiasi gani. Nilitazamia walimu waweke hapa maneno mengi, lakini hawakuweka hata moja. Kiswahili kingewasaidia bila ya kuunda chochote. Kuna aliyeshindwa kwa sababu hakuona: tembo alikuwa wazi mbele ya macho yake. Kuna aliyeona, akaanza kuhesabu hatua, akakosea katika ya tatu. Na kuna aliyeona yote na kuhesabu sawasawa, lakini alipofika mwisho wa hesabu akapima vibaya, akadhani hali ile ni nzuri kwake kumbe ni mbaya. Dawa za maradhi haya matatu ni mbali mbali. Mwanafunzi anayesema “nilikosea” hajasema kitu; anayesema “sikuona”, “nilihesabu vibaya” au “nilipima vibaya” amekwisha mwambia mwalimu zoezi la kesho. Ukurasa huo uandikwe upya, na vitenzi hivi vitatu viwe vichwa vya habari vyake.

Nimeulizwa pia na mwenzangu mmoja kwa nini tusiyachukue maneno ya bao kwa jumla, kwa kuwa bao limechunguzwa kwa kina, kama alivyofanya Alexander de Voogt katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995 kuhusu mabingwa wake. Siafiki. Kutakata na kunamua ni vitendo vya bao na havina mwenzake hapa. Neno moja tu ningeliazima, nalo ni “mtaji”, ambalo katika bao ni nafasi ya kula. Orodha inatumia “tishio”, ambalo humsema yule anayeogopa. Mtaji humsema yule mwenye nafasi, na mwanafunzi afundishwe kuitafuta kwa pande zote mbili kabla ya kusogeza kete.

Limebaki neno moja. Ile hatua ambayo mfalme husogea miraba miwili na ngome ikamruka, wameiita “kubadilishana”. Haifai, kwa kuwa kubadilishana ni kula na kuliwa kete za thamani sawa, nalo litatumika kila siku. Nilifikiria “kuingia tembe”, kwa kuwakumbuka Wairaqw wa zamani waliochimba nyumba zao ubavuni mwa mlima, paa likalingana na ardhi, adui asizione. Mfalme hapa hufanya vivyo hivyo. Lakini kete inayomkinga inaitwa ngome, na hatua yafaa ifuate jina la kete. Basi iwe “kuingia ngomeni”, na tembe itajwe katika maelezo, ambamo mwanafunzi wa Mbulu ataielewa upesi kuliko ngome yoyote ya Mombasa.