Kabla Fundi Hajagonga Ukuta

Kabla fundi hajabandua lipu katika nyumba kongwe ya Lamu, apite kwanza mtu mwenye futi, timazi, penseli na subira, aichore nyumba ilivyo pamoja na nyufa zake. Kwangu mimi, hakuna hatua ya ukarabati yenye heshima kuliko hii.

Kazi huanzia dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Kila chumba hupimwa urefu na upana, kisha kona kwa kona, maana pembe mraba ni nadra katika nyumba hizi. Vipimo vya kona vikitofautiana, chumba kimekwenda upande, na ramani sharti iende upande nacho. Mchoraji mvivu huzinyoosha kuta kwa rula. Fundi akimfuata, ataagiza boriti zisizofika ukutani.

Boriti ndizo zilizoipa nyumba umbo lake. Mti wa mkoko ukipita kiasi cha mita 3 hauhimili vyema sakafu nzito ya mawe na chokaa, hivyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, kutoka kiwandani, yaani uani, kupitia misana, kumbi zinazoelekea ua huo, hadi ndani, chumba cha faragha. Mpimaji huzihesabu moja moja na kuitia alama iliyooza kichwani, pale inapoingia ukutani. Zidaka, vishubaka vya ukutani, vilevile: nakshi zake zilichongwa kwa mkono, basi haifai kuchora kimoja na kunakili vingine. Palipopakwa saruji paonyeshwe pia, kwani unyevu na chumvi vikizuiwa hapo hutafuta njia kando, na lipu nzima ya jirani hudondoka.

Msanifu majengo Usam Ghaidan alizichora nyumba za Lamu katika miaka ya 1970, na kitabu chake cha mwaka 1975 kimetuhifadhia ramani zake. Umuhimu wa michoro kama hiyo ulidhihirika Unguja: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wakafariki. Kilichoanguka hakipimiki tena. Imebaki michoro na picha zilizotangulia.

Siku hizi skana ya leza hunasa ukuta mzima kwa dakika chache, tena kwa usahihi wa ajabu. Itumike. Lakini haiulizi kwa nini mlango wa ghorofani umezibwa. Mwenye penseli atauliza, na huenda bibi wa nyumba akamweleza kwamba ulitokea kwenye wikio, lile daraja la juu ya kichochoro ambalo wanawake walipitia kwenda nyumba ya pili bila kushuka njiani. Maelezo hayo yaandikwe papo hapo pembeni mwa ramani, na kila chumba kipewe jina wanaloliita wenyewe.