Ung'amuzi 'bwete' haukai bwete: tumsome Rosa upya

WIKI jana nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu kuhusu Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971. Walitakiwa kuihakiki kwa mkabala wa saikolojia changanuzi. Insha ya kwanza ilidai kwamba Rosa aliangamia kwa kuwa ung'amuzi bwete wake ulijaa tamaa. Ya pili vivyo hivyo. Kufikia ya sita niliweka kalamu chini nikajiuliza, kwani nani aliwafunza haya? Jibu halikunipendeza. Ni mimi.

Hebu tuanze na istilahi yenyewe. Anayekaa bwete hana kazi. Ameketi tu, mikono mapajani. Mwanafunzi akikutana na 'ung'amuzi bwete' ataelewa nini ila ghala lililofungwa, lenye matamanio yanayosinzia yakingoja kuamshwa? Ilhali Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alishikilia kinyume kabisa katika kitabu chake kuhusu fasiri ya ndoto kilichotoka mwishoni mwa 1899. Sehemu ya akili tusiyoitambua haipumziki hata tunapolala. Ndiyo inayotunga ndoto. Mwaka 1901 akaongeza kwamba ndiyo pia inayotufanya tuteleze ulimi na kusahau majina tunayoyajua vizuri. Tena shehena yake si tamaa pekee. Kuna hofu, aibu na machungu tuliyoyasukuma chini kwa kushindwa kuishi nayo. Binafsi naona heri 'fahamu fiche'. Kilichofichika si lazima kiwe kimelala.

Sasa turudi kwa Rosa. Amelelewa Ukerewe na Zakaria, baba mlevi anayewalinda binti zake kwa kipigo. Barua ya mvulana, Charles, inapogunduliwa, Rosa anapigwa vibaya. Akiwa shule ya sekondari ya wasichana, mwanzoni anawaogopa wanaume. Kisha anageuka, akawa wa huyu leo na wa yule kesho. Mwanafunzi wangu anaona hapa tamaa iliyofunguliwa mlango. Mimi naona kile kipigo. Woga wa mwanzo na ukware wa baadaye vina mzizi mmoja. Msichana aliyefunzwa kwamba kuzoeana na mvulana ni kosa hakupata nafasi ya kumjua kama binadamu. Kabakiwa na njia mbili tu, kumkimbia au kujitupa kwake. Rosa anadhani anachagua. Yuko mbali na nyumbani, baba hamwoni. Lakini kila hatua anayopiga bado anamjibu Zakaria.

Tazama anavyomrudia Charles, yule yule wa barua. Ni kana kwamba anataka kuurudia mwanzo ulioharibiwa. Charles naye anamkataa kwa kuwa si bikira. Hukumu ya baba imetoka kinywani mwa mchumba, na Rosa anajitoa uhai. Mtu akisoma haya kisha aseme eti 'amejitakia', jamani, amesoma herufi tu.

Kuna atakayeniambia Rosa si mtu, ni wino kwenye karatasi, hiyo fahamu fiche ataitoa wapi? Kweli kabisa. Ndiyo maana zinanichosha insha zinazomgawa mhusika mafungu matatu, idi, ego na superego, kama nyama buchani. Tulicho nacho ni maneno ya Kezilahabi: kipi kinarudiwa, kipi kinanyamaziwa, nani anatajwa wakati gani. Mhakiki atoe ushahidi wake huko, si katika orodha aliyoikariri kabla ya kufungua riwaya.

Na mhakiki mwenyewe je? Baada ya insha zile nilichukua daftari langu la mihadhara. Mienendo ya Rosa ina kurasa nne. Zakaria ana mistari mitatu, na mmoja wao ni kuhusu pombe. Sikupanga hivyo. Miaka yote nimeamini kwamba niligawa muda kulingana na uzito wa hoja, basi. Lakini mimi pia ni baba wa mabinti, na barua zao, siku hizi jumbe za simu, nimewahi kuzipekua.

Insha nimezirudisha bila alama. Jumatatu tunaanza upya, na safari hii tunaanzia kwa Zakaria.