Waridi Chini ya Mlima Meru

Mshairi wa pwani anapolitaja waridi, msomaji hunusa kabla hajaona. Neno hilo huja na mrashi wa harusini na kikuba kifuani. Kamusi kongwe zimelihifadhi pia kwa umbo la halwaridi, na humo lina maana ya marashi yenyewe, kana kwamba ua si kitu bila harufu yake.

Asili ya neno ni pana zaidi. Katika Kiarabu, ward ni waridi, na pia ni maua kwa jumla. Mzizi wake ni wa Kiirani cha kale, uliozaa vilevile gul ya Kiajemi, yenye maana hizo hizo mbili. Kiswahili, kilichokuwa tayari na ua lake la Kibantu, kilichukua maana moja tu, kikaiongezea rangi.

Huko Usa River na Tengeru, chini ya Mlima Meru, maana iliyoachwa imerudi kwa mlango wa nyuma. Katika miaka ya 1990 waridi lililimwa huko kwa ajili ya masoko ya Ulaya, Uholanzi hasa. Lakini mahali hapo paliitwa shamba la maua. Na mjini Arusha mnunuzi huomba rozi, kwa ulimi wa Kiingereza. Waridi limebaki vitabuni. (Juu zaidi, katika msitu wa Meru, umo mti uitwao Hagenia abyssinica, wa ukoo wa waridi kwa hesabu ya wanabotania. Hakuna anayeuimba.)

Euphrase Kezilahabi aliuhisi mpaka huu. Riwaya yake ya mwaka 1971 inaitwa Rosa Mistika, sifa ya Bikira Maria kwa Kilatini, ingawa litania ya Kiswahili ina waridi mahali hapo. Hakutafsiri, na alifanya vyema. Waridi ni jina la binti wa pwani. Rosa ni binti wa Ukerewe aliyebatizwa, na jina lake lina uzito wa kanisa, ambao marashi yangeufuta.

Mashairi mengi ya bara hayana uangalifu huo. Yangali yakimpa mpenzi shavu la waridi lenye umande na harufu, vitu vilivyoazimwa pwani pamoja na vina. Waridi la Usa River lilichaguliwa kwa urefu wa kikonyo na siku za kudumu chomboni. Harufu ilipotea katika uteuzi huo. Umande nao ulikuwa adui ndani ya nyumba za plastiki, kwa kuwa unyevu juu ya petali huleta ukungu. Mwanamke mwenye mkasi alilikata likiwa tumba, nalo lilipelekwa kwenye chumba cha baridi. Lilipochanua, lilichanua Ulaya, mbele ya mtu asiyejua kwamba aliyelikata aliliita ua tu.